Barua ya wazi kwa uongozi wa hospitali yetu: tuondoleeni mashine za vidole wodini

Kwa Mganga Mfawidhi, Katibu wa Hospitali na Wajumbe wa Bodi,

YAH: AWAMU YA PILI YA MASHINE ZA VIDOLE KWENYE KOMPYUTA

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa watu wawili wa TEHAMA hapa hospitalini. Jambo hili nimeliandikia dokezo mara mbili. La kwanza halikurudi. La pili lilirudi na maneno mawili ya wino mwekundu pembeni: "Tuvute subira." Nimevuta. Sasa nasikia zabuni ya awamu ya pili iko tayari, na hospitali mbili za jirani zimeshatuma watu wao kuja kuiga tulichofanya, kwa hiyo naona heri niseme hadharani. Jina la hospitali silitaji. Ninyi mnajijua, na mwingine akijiona humu basi barua ni yake pia.

Nianze kwa kukiri. Mashine hizi, zinazosoma alama ya kidole ili mtu aingie kwenye kompyuta bila kuandika nywila, nilizifunga kwa mikono yangu, zote 31, kuanzia mapokezi hadi stoo ya dawa, na wakati ule niliamini ninachofanya. Mnalikumbuka sakata la risiti. Malipo yalifutwa kwenye mfumo kwa akaunti ya mhasibu ambaye siku hiyo alikuwa likizo ya uzazi, yuko kwao, kilomita mia na kitu kutoka kwenye kompyuta yake. Nywila yake ilikuwa jina la mwanawe wa kwanza, na pale dirishani hapakuwa na mtu asiyeijua. Hata mlinzi aliijua. Tulipokaa kikao akaja muuzaji na tai yake, sampuli mkononi, akasema maneno mawili yaliyotumaliza wote: "Kidole hakiazimwi." Nami nilikuwa wa kwanza kuitikia.

Kinaazimwa. Nitaeleza.

Mwezi wa saba mwaka jana, saa nane usiku, simu yangu iliita. Mnaijua Julai ya huku nyanda za juu kusini: mtu analala na koti. Aliyepiga alikuwa mkunga wa zamu, wodi ya wazazi. "Kaka, samahani kukuamsha. Mashine imenikataa." Alikuwa na mama anayetoka damu baada ya kujifungua, na alitaka kuona kwenye mfumo kama maabara wameshaingiza kundi la damu na kama kuna chupa iliyotengwa. Alikuwa amevua glovu, amenawa kwa sabuni, amejipaka kitakasa mikono, vilevile alivyofundishwa. Kidole kilikuwa kikavu kama gazeti. Taa nyekundu. Nikamwambia akipulizie pumzi ya moto. Nyekundu. Nikamwambia akisugue kwenye paji la uso kipate mafuta kidogo (ndiyo, huo ndio utaalamu wangu wa saa nane usiku). Nyekundu tena, na kwa kuwa hilo lilikuwa jaribio la tano, kompyuta ikajifunga kwa dakika 15, kwa kanuni niliyoiweka mimi mwenyewe. Nywila ya akiba ilikuwa kwenye bahasha, ndani ya kabati la Katibu, kama mlivyoagiza.

Akakata simu, akamtuma mhudumu akimbie maabara na kipande cha karatasi, kama watu walivyofanya hapa kabla kompyuta hazijaja. Mama yule alipona, akaruhusiwa siku ya nne. Miguu ya mhudumu ndiyo iliyofanya kazi usiku ule.

Wiki iliyofuata nikapita wodini kuona mashine ina nini. Mashine ilikuwa nzima. Nilichokikuta mezani ni saa ya ukutani imelazwa chali, na kipanya cha kompyuta kimewekwa juu ya kioo chake. Nilidhani wanasubiri betri. Kumbe mshale wa sekunde unapopita chini ya taa ya kipanya, kompyuta hudhani kuna mtu anaichezea, basi skrini haijifungi. Mmoja anaingia saa moja jioni, mikono yake ikiwa bado haijapita kwenye sinki mara ishirini, na wodi nzima inafanya kazi kwa jina lake hadi kunakucha. Nilifungua kumbukumbu za mfumo. Muuguzi mmoja alikuwa amesajili wagonjwa, ameagiza vipimo na ametoa dawa kwa saa 11 mfululizo bila hata dakika ya chai. Daftari la zamu linaonyesha kuwa usiku huo aliondoka saa nne, mwanawe alikuwa na homa.

Sikumwambia mtu. Nasema leo kwa mara ya kwanza, na nawaomba sana asitafutwe wa kuadhibiwa. Wale akina dada walikuwa na mgonjwa upande mmoja na taa nyekundu upande wa pili, walichagua vizuri. Ila hesabu ya kiusalama ndiyo hiyo: tumerudi palepale kwenye sakata la risiti, tofauti ni kwamba safari hii tumelipia.

Kwa nini mashine inawakataa? Zile tulizonunua ni za mwanga. Kuna kioo kidogo, taa chini yake, na kamera inayopiga picha ya matuta ya ngozi kwa nukta 500 kwa kila inchi. Tuta linaloshika kioo sawasawa linatoka jeusi, bonde kati ya matuta linabaki jeupe, na programu inatafuta mahali matuta yanapoishia au kugawanyika. Ngozi kavu haishiki kioo. Matuta yanakatikakatika kwenye picha, na programu inaona miisho mingi ambayo kwenye kidole haipo. Ngozi yenye maji nayo inajaza mabonde, picha inakuwa doa. Na glovu hazisomeki kabisa.

Sasa litazameni bango lililo juu ya kila sinki humu ndani, ambalo ninyi ndio mliolibandika. Shirika la Afya Duniani linamtaka mhudumu asafishe mikono katika nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kukutana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Muuguzi anayelitii bango anakataliwa na mashine, na anayekubaliwa na mashine kila mara, mimi nisingependa anihudumie.

Hiyo ni mikono ya kazini. Kuna ya nyumbani pia. Jumatatu za msimu wa kuchimba viazi nusu ya masjala wanakuja na vidole vilivyochubuka, na simu yangu haitulii hadi saa nne asubuhi. Mzee wetu wa masjala, aliyebakiza miaka miwili astaafu, nilimsajili vidole vyote kumi na hakuna hata kimoja kilichosomeka siku ya pili yake. Anaingia kwa kidole cha kijana anayekaa naye meza moja: anamwita, kijana ananyoosha mkono bila hata kuinua macho kwenye faili lake. Msidhani ni sisi peke yetu. Mnazikumbuka foleni za kusajili laini za simu kwa alama za vidole, zile zilizofikia mwisho 20 Januari 2020, na wazee waliokuwa wakifuta dole gumba kwenye suruali na kujaribu tena, na tena.

Malalamiko yalipozidi nilifanya wanachofanya mafundi wote: nililegeza. Kwenye programu kuna kipimo cha ukali. Ukikikaza, mashine inawakataa wenye haki yao. Ukikilegeza, inawakubali wasiohusika. Hakuna mahali pa kukiweka ambapo yote mawili yanakwisha, na muuzaji akikwambia papo, mwombe akuonyeshe. Wiki mbili baadaye mwanafunzi wa fildi pale maabara aliweka kidole, kompyuta ikamkaribisha kwa jina la msimamizi wake. Alicheka. Mimi nilikaza tena jioni ileile.

Hapa naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo, maana inaigusa awamu ya pili moja kwa moja. Sasa hivi kila kompyuta inatunza vidole vya watu sita au saba wanaoitumia. Awamu ya pili inataka vidole vya wafanyakazi wote 140 vikae kwenye seva moja, yaani kompyuta kuu, mtu aweke kidole popote na seva itafute ni nani. Miongozo ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ya mwaka 2017 ilitaka mashine ya namna hii isikosee zaidi ya mara 1 katika kila ulinganisho 1,000. Tuseme tutapata mashine nzuri inayofikia kipimo hicho. Kidole cha mtu asiyesajiliwa, kikilinganishwa na vidole 140, kina nafasi karibu 13 katika 100 ya kufanana na cha mmoja wetu. Zabuni inasema kila mtu asajiliwe vidole viwili. Nafasi hiyo inapanda hadi 24 katika 100. Mgonjwa anayesubiri kwenye benchi, akiwa na vidole kumi na mchana mzima, anaweza kujaribu bahati yake.

Miongozo hiyohiyo inasema waziwazi kwamba alama za mwili hazihesabiwi kuwa siri, na inataka zitumike pamoja na kifaa ambacho mtu anacho mkononi, zisisimame peke yake. Ndiyo maana nasema muuzaji alitudanganya kwenye msingi wenyewe. Nywila ni kitu unachokijua wewe na mwingine hakijui. Alama ya kidole unaiacha kwenye glasi, kwenye kitasa, kwenye kioo cha simu, na bila aibu yoyote kwenye kioo cha mashine yenyewe. Mwaka 2002 Tsutomu Matsumoto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Yokohama, Japani, walitengeneza vidole vya jelatini, hii inayotumika kwenye peremende laini, wakavijaribu kwenye mashine 11 zilizokuwa sokoni, na zote zilidanganyika. Mwaka 2008 kundi la wadukuzi wa Ujerumani, Chaos Computer Club, lilichapisha kwenye jarida lake alama ya kidole ya Wolfgang Schäuble, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, iliyotolewa kwenye glasi ya maji aliyonywea. Waziri alikuwa mtetezi wa alama za vidole kwenye pasipoti. Glasi ilioshwa, kidole aliendelea nacho kilekile.

Mtasema hayo ni mambo ya wataalamu wa mbali wenye muda. Sawa, twende Brazili. Machi 2013, mji wa Ferraz de Vasconcelos, karibu na São Paulo, daktari wa huduma ya dharura alikamatwa na vidole sita vya silikoni, akiwawekea wenzake mahudhurio kwenye mashine. Hakuwa mdukuzi. Alikuwa mtumishi wa afya kama sisi, na wenzake hawakutaka kuja kazini.

Na kama Brazili nako ni mbali, Ndugu Katibu, wewe ulikuwepo. Mwezi wa nne nilitengeneza kidole changu mwenyewe kwa nta ya mshumaa na gundi ya mbao niliyoinunua kwa seremala nyuma ya soko. Gharama haikufika shilingi elfu tano. Mara ya kwanza kiligoma, mara ya pili kiligoma, mara ya tatu kompyuta ya ofisini kwangu ikafunguka mbele ya macho yako. Ulisema nisimwonyeshe mtu mwingine.

Kuna jingine ambalo halikusemwa kikaoni. Nywila haijaondoka. Kwenye mashine za bei yetu kidole hakimfungulii mtu moja kwa moja. Programu ikishakikubali, inachukua nywila iliyoihifadhi mahali fulani ndani ya kompyuta na kuijaza kwa niaba yake. Kwa hiyo mwizi hana haja na kidole chako, anaitafuta hiyo nywila. Mwaka 2012 kampuni ya Urusi ya Elcomsoft iligundua kwamba programu ya kidole ya UPEK, iliyokuja kwenye kompyuta za mkononi za makampuni mengi makubwa, ilikuwa ikihifadhi nywila za Windows kwa namna dhaifu kiasi kwamba mtu aliyeishika kompyuta angeweza kuzisoma. Wenye kompyuta hizo walikuwa wakijiona salama kuliko jirani zao wanaoandika nywila kwa mkono.

Seva ndiyo inayoninyima usingizi zaidi. Nywila ikiibiwa asubuhi, kabla ya chai nimeshakuwekea nyingine. Vidole Mungu alikupa kumi, na vikivuja vimevuja. Mwaka 2015 OPM, ofisi ya serikali ya Marekani inayosimamia watumishi wake, ilitangaza kwamba wadukuzi wameondoka na alama za vidole za watu milioni 5.6, baada ya kusema awali ni milioni 1.1. Hiyo ni Marekani, yenye fedha zote zile. Seva yetu inakaa chumba kimoja na madumu ya dawa ya kufanyia usafi, na UPS yake, betri ya kuibeba umeme ukikatika, imekufa tangu Krismasi. Muuzaji atasema seva haitunzi picha, inatunza kiolezo, yaani orodha ya namba tu. Watafiti walishaonyesha miaka mingi iliyopita kwamba kutoka kwenye namba hizo inawezekana kujenga upya alama inayotosha kuidanganya mashine.

Na vidole hivyo havitumiki hapa tu. Ndivyo vilivyo NIDA kwenye vitambulisho vya taifa, ndivyo vilivyosajili laini ambayo pesa zetu zinapita. Mkivimwaga, mmemwaga vya mtu mzima na mambo yake yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometria kwenye kundi la taarifa nyeti. Niliuliza kwenye dokezo la pili ni nani aliyesaini ridhaa, vidole vitakaa muda gani, na mtumishi akihama au akifariki vitafutwa na nani. Jibu ni lile la wino mwekundu.

Sisemi kidole ni kibaya popote kilipo. Simu yangu naifungua kwa kidole kila siku. Lakini angalieni ilivyotengenezwa: alama yangu imefungiwa ndani ya chipu ya simu hiyohiyo, haisafiri kwenda popote, na ikishindwa mara kadhaa inaniomba namba ya siri, nami naendelea na maisha. Mwizi lazima aibe simu kwanza. Kompyuta mpya za mkononi za ofisi ya mhasibu mkuu zina kihisi cha aina hiyo, na pale mimi ningekiacha kiendelee: chumba kina mlango, mikono ni mikavu kwa kiasi, mtumiaji ni mmoja. Hata hivyo tusilewe. Novemba 2023 watafiti wa Blackwing Intelligence, waliopewa kazi hiyo na Microsoft yenyewe, walieleza walivyovipita vihisi vya kompyuta tatu, ya Dell, ya Lenovo na Surface ya Microsoft. Kwenye mbili kati ya hizo, kinga ambayo Microsoft iliibuni kulinda mawasiliano ya kihisi na kompyuta haikuwa hata imewashwa. Waliihitaji kompyuta mkononi, na muda. Kwa mhasibu anayefunga mlango wake, hatari hiyo naweza kuibeba. Kwa meza ya wodi inayopitwa na ndugu wa wagonjwa mchana kutwa, siwezi.

Ninachoomba si kigeni. Kila mmoja wetu anavaa kitambulisho shingoni. Fedha zilizotengwa kwa seva zinunue kadi zenye chipu na visomaji vyake: unaiweka kadi kwenye kisomaji, unaandika namba ya siri ya tarakimu sita, umeingia. Hakuna Mtanzania mwenye simu asiyejua namba ya siri ni nini wala asiyejua kuificha kwa kiganja. Kadi inasomeka mkono ukiwa mkavu, ukiwa na maji, ukiwa na glovu. Ikipotea naifuta kwa dakika moja na kutoa nyingine. Ukiondoka nayo, skrini inajifunga, na kwenye kompyuta nyingine unaingia kwa kadi ileile, kwa hiyo hakuna sababu ya kulaza saa mezani. Namba za siri nazo zitaazimwa, najua, na wengine wataziandika nyuma ya kadi. Nipeni hayo ya kupambana nayo, nayaweza. Mzee wa masjala atafanya kazi kwa jina lake mwenyewe kwa miaka yake miwili iliyobaki.

Kabla ya hapo naomba zabuni isimame, na vidole vilivyomo kwenye zile kompyuta 31 vifutwe mbele ya mwakilishi wa wafanyakazi, siku moja, kwa maandishi. Kazi hiyo ni ya mchana mmoja. Nitaifanya bila posho.

Mwisho, jambo la kinidhamu ambalo ni bora mlisikie kutoka kwangu. Ijumaa iliyopita niliichomoa mashine ya wodi ya wazazi bila kibali, nikawarudishia wakunga nywila, kila mtu ya kwake. Saa ya ukutani imerudi ukutani. Mashine iko kwenye droo yangu, ya pili kutoka juu. Anayeitaka irudishwe nitamkabidhi, ila aifunge mwenyewe, usiku, na akae nayo hadi zamu iishe.

Wenu katika kazi,

Fundi wenu wa TEHAMA